UZI: Sisi tuliorudi kutoka jeshini, tugongeeni mlango

Daka la Mkomani (mleta uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu, wa Malindi na kwingineko. Haya yamekaa kifuani muda mrefu, nivumilieni nikiandika kwa urefu.

Nimelitumikia Jeshi la Ulinzi la Kenya miaka 19. Oktoba 2011, Operesheni Linda Nchi ilipoanza, nilikuwa miongoni mwa waliovuka mpaka kuingia Somalia. Kazi yangu ilikuwa utabibu wa kikosi: mkoba wa dawa mgongoni, bunduki mkononi, macho kwa wenzangu. Baadaye nikarudi kule mara ya pili, tukiwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Niliyoyaona sitayaandika hapa. El Adde ya Januari 2016 na Kulbiyow ya Januari 2017, kambi zetu zilizovamiwa kule, kila Mkenya amezisikia, na zipo familia ambazo hadi leo zikisikia majina hayo huzima redio.

Ninachotaka kusema ni habari ya kurudi.

Nilipostaafu nilipokewa vizuri, nisiwasingizie watu wangu. Kulipikwa biriani, dua ikasomwa, wazee wakanishika mkono. Na kila mmoja alikuwa na neno lile lile: "Sasa pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Nikapumzika. Kupumzika kule ndiko kulikonimaliza.

Jeshini nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri, na kila nilipoamka kulikuwa na mtu ananingoja. Nyumbani niliamka saa ile ile, na hapakuwa na anayeningoja. Nikitoka msikitini nakaa kwenye daka, baraza la mlangoni, mgongo ukutani, uso njiani, mpaka jua linapanda. Mnazijua njia zetu za Mkomani, watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Nikisikia hatua nyuma yangu mwili mzima unakaza. Mwezi wa Ramadhani wapiga ngoma za daku wakipita, mimi niko chini ya kitanda kabla sijajua niko wapi. Mke wangu alijifundisha kuniamsha akiwa amesimama mlangoni, ananiita jina kwa upole, hanigusi. Hakunieleza kwa nini. Nilijua mwenyewe siku nilipoona alama kwenye mkono wake.

Kiinua mgongo nilifungulia duka. Duka likafa kwa miezi saba. Tuliache hilo.

Usiku mmoja wa kusi, saa nane, mlango ukagongwa. Alikuwa bi mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, leso begani, hana viatu. Akasema, "Njoo mwanangu, mjukuu wangu amekatwa. Wewe si uliwafunga watu vitani?" Kijana alikuwa ameteleza gatini, rafadha ya mashine ya boti ikampasua paja. Nilipofika watu wamemzunguka, huyu anamwagia maji, yule anamtia kahawa kwenye kidonda, na damu inatoka kwa kuruka. Niliweka goti langu juu ya paja lake, nikaitisha leso na kipande cha ufito. Nikafunga juu ya kidonda, vidole vinne hivi, nikasokota ufito mpaka damu ikasimama. Nikamwandika saa kwenye paji la uso kwa kalamu ya mtoto wa shule. Tukamlaza kwenye mkokoteni hadi Hospitali ya King Fahd. Yuko hai. Anachechemea kidogo, na mwaka jana ameoa.

Nilirudi nyumbani adhana ya alfajiri ikiwa imeshaadhiniwa, damu imekauka kwenye kikoi. Nikaswali, nikalala mpaka adhuhuri. Ulikuwa usingizi wangu wa kwanza wa maana kwa miezi 11.

Nililifikiria jambo lile siku nyingi. Bi mzee yule hakuja kunisaidia. Hakuja kuniuliza ninajisikiaje. Alikuwa na shida, na mimi nilikuwa na ujuzi, akanigongea. Katika mtaa mzima ule, kwa miezi yote ile, ni yeye peke yake aliyenichukua kama mtu ambaye bado ana kazi.

Tangu hapo tumekuwa wanne, wote wastaafu. Tunawafundisha manahodha na wanamaji wa boti za abiria. Mgonjwa wa Faza au Kizingitini anakuja Amu kwa bahari, na mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa ni mtihani hata kwa nahodha mzee. Safari hiyo ndiyo mtu anaweza kufia. Kwa hiyo tunafundisha mambo machache, tena na tena. Damu: bonyeza kwa nguvu, usichungulie kila dakika. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haisimami, funga, andika saa, na usilegeze mpaka umfikishe kwa daktari. Aliyezama na hapumui: mpulizie pumzi kwanza, halafu sukuma kifua mara 30, pumzi 2, sukuma tena, usimning'inize kichwa chini kama tulivyozoea. Mama mjamzito: mlaze ubavu wa kushoto, mfunike, asipigwe na upepo wa bahari. Kila boti tunaiwekea ndoo yenye kifuniko, ndani mna leso mbili safi, ufito, glavu na kalamu. Gharama yake haifiki nauli ya kwenda Mombasa.

Moto pia. Faza mwaka 2009 mamia ya nyumba ziliteketea. Paa za makuti, nyumba zimeshikana, na gari la zimamoto lisingepita njia zetu hata lingekuwapo. Tunawafundisha vijana kupanga mstari wa ndoo na kubomoa makuti mbele ya moto, badala ya kuukimbiza nyuma.

Basi ombi langu ni hili. Kama mtaani kwako kuna mtu aliyerudi kutoka jeshini na amejifungia, usimpelekee pole. Mpelekee kazi. Mgongee mlango.

Kijana wa Langoni

Shikamoo mzee. Nimesoma yote na nakuheshimu, lakini nitasema kitu na usinikasirikie kwa haraka.

Baada ya shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, tuliwekewa amri ya kutotoka usiku. Babangu ni mvuvi wa usiku, na babake alikuwa mvuvi wa usiku. Mwaka ule tulikula mihogo mpaka mamangu akauza mkufu wake wa arusi. Nilikuwa na miaka 14. Kwangu mimi mtu wa magwanda ni yule aliyemulika tochi usoni mwa babangu na kumuuliza kitambulisho kwenye diko la mashua alilozaliwa karibu nalo. Najua nchi ilikuwa na adui na kwamba watu walikufa. Lakini sisi kugonga mlango wa askari hatukufundishwa. Tulifundishwa kuufunga wetu.

Daka la Mkomani

Marahaba mwanangu. Sina la kukukatalia, na sitakuambia usahau.

Kikao chetu cha kwanza, pale karibu na ngome, walikuja watu watatu, na mmoja alikuwa amekosea mahali. Mimi nilikuwa nimevaa buti zangu na lile koti la jeshi, nimesimama kifua mbele, nasema "sikilizeni." Mzee mmoja wa manahodha akanivuta pembeni akaniambia, "Vua hivyo viatu kwanza." Nikavivua. Buti, kofia na koti vimo sandukuni mpaka leo.

Halafu akanipa masharti: kabla ya kuwafundisha wao chochote, niende nao baharini. Nikaenda wiki sita. Mimi ni mtu wa Amu lakini jeshi lilinichukua nikiwa mdogo, bahari nilikuwa naiangalia tu. Nilipewa kazi ya kukumba maji mashuani kama mtoto. Babako kama ni wa diko lile, huenda ndiye aliyenicheka nilipotapika. Mpe salamu zangu, na umwambie ndoo ya boti yake ipo akiitaka. Asipoitaka pia nitamwelewa.

Mama wa Hindi

Naomba niulize bila kutaja jina, niko huku Hindi, Lamu bara. Mume wangu alirudi miaka mitatu iliyopita. Fundi wa magari jeshini, alikuwa anasifiwa. Sasa hatoki chumbani. Si mlevi, hapigi mtu, hasemi. Anakula ukimwekea. Watoto wanapita mlangoni kwa vidole vya miguu kama nyumba ina maiti. Ndugu zake wamekuja mara mbili wakamwambia awe mwanamume. Sheikh amekuja, amemsomea, na ninashukuru. Mimi nimemwambia mara ngapi, "Nenda kasaidie watu, utajisikia vizuri." Ananitazama kama nimemtukana.

Nimfanyeje?

Baharia wa Malindi

Dada yangu, nisubiri, nitakuja kwako. Kwanza nimweleze mleta uzi kosa letu, kwa sababu linahusu hapo hapo.

Mimi nilikuwa jeshi la majini, Mtongwe. Tuliporudi tulikuwa sita, hapa Malindi na Watamu, na tukasema tupande mikoko hori ya Mida. Tukajipanga kijeshi hasa. Kamba zikavutwa, mita moja kwa mita moja, mistari imenyooka kama gwaride la Jamhuri. Siku mbili, miche 2,000, yote mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu kama kisu. Tukaipanda mahali peupe palipokuwa wazi kwa sababu ndipo palipoonekana pana haja. Tukapiga picha. Nilijisikia mtu tena, siwafichi.

Kusi lilipoisha ilibaki miche isiyofika 100. Ule uwazi ulikuwa mchanga, na mawimbi yanaupiga moja kwa moja.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama wanaofanya kazi hiyo miaka mingi. Siku zile mbili walikuwa wanapita na ndoo zao, wanatutazama, wanaendelea. Nilipomuuliza mwenyekiti wao mbona hawakutuambia, akajibu, "Hamkuuliza. Na mlikuwa mnapiga kelele za amri."

Akanitembeza. Akanionyesha mbele kabisa, panapopigwa na maji, ni mlilana. Nyuma yake kwenye tope laini ndipo mkoko unashika. Mkandaa hauendi mbali na nchi kavu, na mchu unastahimili chumvi hata pale ambapo maji hufika siku za bamvua peke yake. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: mahali pengi hapahitaji kupandwa kabisa. Ukifungua mkondo wa maji ulioziba, mbegu zinakuja zenyewe na bahari, na zinachagua pa kukaa.

Miaka minne sasa mimi ni mbeba tope wao na mwendesha boti wao. Yeye ndiye mkubwa wangu, na akisema leo hatupandi, hatupandi. Wenzangu wawili waliondoka, walitaka kikundi chao chenye vyeo. Sina ugomvi nao. Ila mimi nilichokuwa nakikosa tangu nivue magwanda si cheo. Nilikosa kuwa na mtu anayejua nisipofika. Mama yule nisipofika saa moja, saa moja na dakika tano ananipigia simu ananitukana. Nalala vizuri.

Nyinyi wa Lamu mna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kazi haitawaisha. Ulizeni akina mama kwanza.

Dada wa Hindi: huyo mtu usimwambie "kasaidie watu." Kwake hilo linasikika kama "wewe ni mgonjwa, hii ni dawa." Mleta uzi atalisema vizuri zaidi yangu.

Mjukuu wa Keya

Nimefurahi uzi huu umefika Malindi, maana jambo lenyewe si la leo.

Babu yangu alikuwa askari wa Keya, kama wazee walivyoliita jeshi la KAR (King's African Rifles) la Mwingereza. Alipigana Burma mwaka 1944, ndani ya bonde la Kabaw, mvua na malaria. Kuondoka kwake kulikuwa na laana juu yake, kwa sababu mamake aliikumbuka 1914, Wagiriama walipokataa kupelekwa kubeba mizigo ya vita na Mwingereza akailipua Kaya Fungo, kaya yao takatifu, kwa baruti. Mamake alimwambia, "Unakwenda kuwapigania hao?" Kijana wa Langoni, hilo swali lako lina umri.

Alirudi 1946. Wazungu waliopigana vita hivyo hivyo waligawiwa mashamba kule nyanda za juu. Yeye alirudi na koti, deni, na jambo moja la thamani: jeshi lilikuwa limemfundisha kusoma na kuandika. Akawa anakaa chini ya mkwaju karibu na soko na kuwaandikia watu barua. Mtoto yuko Mombasa, mume yuko mashamba ya mkonge, kesi ya shamba iko kortini. Alikuwa hatozi, ila ukimletea nazi hakatai. Bibi anasema miaka miwili ya mwanzo alikuwa hasemi na mtu nyumbani, lakini chini ya mkwaju alisema, kwa sababu yalikuwa maneno ya watu wengine.

Alipofariki tulifungua sanduku lake. Mlikuwa na barua nyingi za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Alikuwa amezifunga kwa kamba, kila mtaa kifungu chake. Hakutupa hata moja.

Daka la Mkomani

Mjukuu wa Keya, umeniliza kazini. Allah amrehemu babu.

Dada wa Hindi, nina mambo mawili, na la kwanza ni zito.

Kule Marekani kuna kikundi kinaitwa Team Rubicon. Kilianzishwa Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, na wanajeshi wastaafu walioona kwamba ujuzi wa vitani, kama kufunga vidonda na kufanya kazi mahali pasipo na maji wala umeme, ndio unaohitajika kwenye maafa. Kimekua mno, na wengi wanasema kimewarudishia maisha. Lakini mmoja wa wale wa mwanzo, Clay Hunt, aliyekuwako Haiti kuokoa watu, alijiua Machi 2011. Kijana mzuri, mtendaji, alikuwa amejaa huduma kwa watu, na bado haikutosha. Mwaka 2015 nchi yao ilipitisha sheria yenye jina lake kuhusu kuzuia vifo vya namna hiyo.

Nakwambia hili ili usidanganyike na mimi. Kazi ya jamii ilinitoa ndani ya nyumba, lakini nilikwenda kwa daktari wa akili pia, Mombasa, miezi minane, na dawa nilimeza. Aibu niliyokuwa nayo kuhusu hilo ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote nilichoogopa Somalia. Mumeo akianza kusema maneno ya kufa, au kugawa vitu vyake, au akitulia ghafla kwa namna isiyo yake, usingoje ushauri wa humu. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

La pili. Usimwambie atoke akasaidie watu. Mletee kitu kilichoharibika. Namaanisha kweli: kitu kilichoharibika, kinachohitajika kesho, na ambacho wewe huwezi. Umesema ni fundi. Boti yetu moja ya mafunzo iko Mokowe, mashine yake imekataa kuwaka wiki mbili. Hapo kwenu Hindi si mbali. Mtu wetu ataileta mashine kwenu kwa pikipiki, ataishusha uani, atasema tuna safari Jumatano. Asiseme lingine. Asimsifu. Asimwite shujaa. Na wewe usisimame dirishani kumtazama.

Asipoigusa, tutaichukua na hatutasema kitu. Tutaleta nyingine.

Muuguzi wa Kisiwani

Naongeza kwa ufupi, niko zamu. Mimi huwapokea wagonjwa wanaoletwa na boti hizo. Wagonjwa wengine sasa wanafika na saa imeandikwa usoni. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu. Saa ile inanisaidia kujua mguu umefungwa muda gani, na daktari anaamua haraka. Waambieni manahodha waandike kubwa, na wasitumie kalamu ya maji, jasho linaifuta.

Na wastaafu waje kutoa damu. Wanajua kundi lao la damu kwa moyo, nyinyi wengine mnabahatisha.

Kijana wa Langoni

Nimemsomea babangu uzi huu jana baada ya isha. Alinyamaza muda mrefu. Akasema mtu wa kutapika anamkumbuka. Akasema ndoo iletwe, lakini leso ziwe tatu, mbili hazitoshi kwa boti ya watu 12.

Daka la Mkomani

Tatu zitakuwa tatu. Nitazileta mwenyewe, miguu mitupu.

Mama wa Hindi

Naandika harakaharaka. Mashine ililetwa Jumapili. Siku nzima haikuguswa, Jumatatu pia. Usiku wa Jumatatu nilisikia spana uani. Sikuchungulia, nilikaa kitandani nimeshika mto.

Asubuhi mashine ilikuwa imefunguliwa yote, vyuma vimepangwa juu ya gunia kwa mstari, vimefutwa kimoja kimoja. Mtoto wetu mdogo amechuchumaa karibu anamshikia tochi, na mchana kweupe.

Hajasema mengi. Ameuliza tu Jumatano maji yanajaa saa ngapi Mokowe.